Kuacha Tiba ya Kisaikolojia na Kuingia katika Ujenzi wa Chapa: Jibu kwa Mshauri Anayesitasita

Msomaji mmoja ameniandikia kwamba amefanya kazi ya ushauri nasaha na tiba ya kisaikolojia kwa miaka tisa, ana leseni, huona wateja ishirini na wawili kwa wiki, na kwa miaka miwili sasa usiku wake ameutumia kubuni majina, nembo na maneno ya utambulisho kwa biashara za marafiki zake. Anasema akiishika kazi hiyo hajui saa zinakwenda wapi, ilhali asubuhi akifungua mlango wa chumba cha ushauri hujikuta akihesabu vikao vilivyobaki hadi jioni. Nduguze wanamwonya asiache mbachao kwa msala upitao. Anauliza mambo mawili: je, kuondoka ni kuwasaliti watu waliomwamini na siri zao, na kama si usaliti, aondoke vipi?

Ndugu yangu, najibu nikiwa mtu aliyepita njia hiyo. Nilikaa katika kiti cha mshauri miaka kumi na miwili, nikasimamia washauri wachanga, na leo kazi yangu ni mkakati wa chapa. Jibu langu la msingi ni kwamba kuondoka si usaliti, ila namna ya kuondoka inaweza kuwa usaliti. Tena, sikio ulilolinoa kwa miaka tisa litakufaa sana katika kazi mpya, mradi uamue mapema mambo ambayo hutakubali sikio hilo litumike kuyafanya.

Kabla ya kufika huko, tuanze na kule kuhesabu vikao, kwa sababu jambo hilo peke yake halijathibitisha kwamba umemalizana na tiba. Mwaka 1974 mwanasaikolojia Herbert Freudenberger aliandika kuhusu uchovu aliouona kwa wahudumu wa kliniki ya bure mjini New York, naye akiwa miongoni mwao. Walikuwa watu waliojitolea kwa moyo wote, na moyo huohuo ndio uliowamaliza. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, linaueleza uchovu huo kuwa ni hali inayotokana na msongo wa muda mrefu kazini usiodhibitiwa vizuri, na halikuuweka katika kundi la magonjwa. Linautambua kwa pande tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi kwa mawazo au kuidharau, na kuona kwamba huifanyi tena kwa ufanisi. Ukizisoma pande hizo tatu utaona hakuna hata moja inayosema kwamba mtu alikosea kuchagua kazi. Zinasema mzigo umezidi, au umebebwa vibaya.

Kipimo ninachowapa wenzangu ni kile kikao kizuri. Namaanisha kile ambacho mtu, baada ya wiki nyingi za kuzunguka, hatimaye analisema jambo lenyewe, kisha ananyamaza na kukutazama kuona kama bado uko naye. Je, dakika hiyo bado inakugusa? Kama inakugusa ila unaifikia ukiwa umechoka kwa sababu ni kikao cha sita, basi tatizo ni cha sita. Punguza idadi ya wateja wapya kwa miezi miwili hivi, rudi kwa msimamizi wako wa kitaalamu ikiwa uliacha kwenda, lala usiku badala ya kuchora, kisha uitazame hamu yako upya. Nimewaona watu ambao hamu ya kubuni iliisha walipopumzika, na hapo wakatambua kwamba ilikuwa kimbilio. Nimewaona pia ambao ilizidi kukua baada ya kupumzika, na hao ndio niliowaambia waendelee. Pima jambo hili kwa uaminifu, kwa sababu kazi ya chapa unayoifanya usiku haijawahi kukujia na mteja aliyelipa, mwenye tarehe ya mwisho, anayekuambia mbele ya wenzake kwamba hajaipenda. Unaifananisha kazi ya mchana iliyo na uzito wake wote na kazi ya usiku ambayo bado haijakuonyesha uzito wake.

Tuchukulie umepumzika na hamu imebaki. Hapo hutakuwa wa kwanza. John B. Watson, mmoja wa waasisi wa saikolojia ya tabia, aliondoka Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mwaka 1920 akaingia katika wakala wa matangazo wa J. Walter Thompson. Ernest Dichter, aliyekuwa akifanya uchambuzi wa nafsi mjini Vienna, alihamia Marekani mwaka 1938 na kujenga jina lake kwa kuwahoji wanunuzi kwa kina, kwa mazungumzo marefu yasiyo na hojaji, akitafuta maana ambayo kitu kinabeba moyoni mwa anayekinunua. Mbinu ya Dichter utaitambua mara moja, kwa sababu unaifanya kila siku: unauliza swali lililo wazi, unanyamaza, unaliacha jibu la kwanza lipite, unasubiri la pili. Habari za Watson nazo uzisome kwa makini, kwa sababu nyingine. Mwaka huohuo wa 1920, kabla hajaondoka chuoni, alikuwa amechapisha jaribio la kumfundisha mtoto mchanga kuogopa kitu ambacho hapo awali hakukiogopa. Aliamini kwamba hofu, hasira na mapenzi ndizo hisia za msingi za binadamu, na imani hiyo akaenda nayo kwenye matangazo. Nitarudi kwake.

Mambo unayoweza kuhama nayo hayaonekani ukiyataja kwa jumla, kwa hiyo nikueleze kisa kimoja. Washirika watatu wa ofisi ndogo ya kuandaa hesabu za wafanyabiashara waliniita wakitaka nembo mpya, na kwa maneno yao walitaka waonekane wa kisasa. Wawili waliongea kwa saa nzima kuhusu rangi na kuhusu washindani wao. Wa tatu, ambaye ndiye aliyepokea wateja mlangoni, alikuwa akizungusha kalamu tu. Niliuliza mtu anakuwa katika hali gani dakika tano kabla ya kuwapigia simu kwa mara ya kwanza. Wale wawili wakajibu kwamba anakuwa na shughuli nyingi, anatafuta nafuu ya kodi. Sikuandika kitu, nikasubiri. Kalamu ikasimama, na yule wa tatu akasema neno moja: aibu. Kisha akaeleza jinsi watu wanavyofika na mfuko wa plastiki uliojaa risiti zilizokunjamana, wakaushika mapajani kwa mikono miwili, na kabla ya salamu kwisha wanaomba radhi.

Baada ya neno hilo kazi yote ilibadilika. Hatukuanza na nembo. Fomu ya kwanza ya mteja, iliyokuwa ikianza kwa kuuliza ni kwa nini hesabu za miaka iliyopita hazikuwasilishwa, ikaanza kwa kuuliza anajishughulisha na nini. Maneno ya mlangoni yakawaambia watu waje na risiti kama zilivyo. Nembo ilikuja mwisho, nayo ilikuwa rahisi, kwa sababu kila mmoja wetu alishajua inamwambia nani na inamwambia nini. Mbunifu hodari wa michoro angeweza kuwapa nembo nzuri kuliko yangu siku ileile. Ila asingeusubiri ule ukimya. Hiyo ndiyo mali yako, na usikubali mtu akuambie kwamba ni jambo la kawaida katika fani hii. Si la kawaida. Wengi hujaza ukimya kwa mapendekezo.

Mali hiyo ina thamani kwa sababu chapa huishi kwenye uhusiano ambao watu wamejijengea na kitu bila kuuzungumzia. Mwaka 2009 kampuni ya juisi ya Tropicana nchini Marekani ilibadilisha paketi zake, ikaondoa picha ya chungwa lililochomekwa mrija na kuweka glasi ya juisi. Katika muda wa wiki chache mauzo yalishuka kwa takriban asilimia 20, wanunuzi wakalalamika kwa nguvu, na kampuni ikatangaza kuirudisha paketi ya zamani. Juisi ilikuwa ileile. Kilichoondolewa ni alama ambayo mkono wa mnunuzi ulizoea kuifuata rafuni kabla akili haijasoma jina, na wewe uliyewasindikiza watu katika kupoteza vitu ambavyo wengine waliviona vidogo huhitaji kufafanuliwa kwa nini walikasirika.

Sasa niseme usichokuwa nacho, bila kukupamba. Kwanza, umefunzwa kutotoa maoni. Katika tiba unamrudishia mtu swali lake kwa sababu maisha ni yake. Katika kazi ya chapa mteja amelipa ili apate uamuzi wako, na ukimwuliza yeye anaonaje kwa mara ya tatu ataanza kushuku kwamba huna unachokijua. Mwaka wangu wa kwanza nilipoteza kazi nzuri kwa kosa hilo; niliwapa njia nne za kuchagua, kila moja na uzuri wake, wakati walichohitaji ni mtu wa kuwaambia: chukueni hii, na sababu ni hizi. Jizoeze kusema sentensi hiyo kwa sauti, hata ukiwa peke yako.

Pili, kuna ufundi wa mkono na jicho ambao hakuna kiasi cha kuelewa watu kinachoweza kuuziba. Herufi zina umbo, uzito na nafasi baina yake, na mtu asiyeona tofauti hizo huzizalisha ovyo. Fanya nembo kwa rangi nyeusi pekee kabla ya kugusa rangi nyingine, kisha ipunguze hadi mraba wa pikseli 16 kwa 16, ule unaokaa juu ya ukurasa wa kivinjari, uone kama bado inatambulika. Kazi nyingi za wanaoanza hufia hapo. Jifunze kwamba rangi za skrini hujengwa kwa mwanga na za karatasi kwa wino, hivyo buluu iliyowaka kwenye kompyuta yako inaweza kutoka kiwandani ikiwa imefifia. Jifunze pia upande wa sheria wa majina, kwa sababu hapo ndipo urafiki huvunjika. Jina zuri si lako hadi utafute katika daftari la alama za biashara, na utafutaji hufanywa kwa kufuata madaraja ya mfumo wa Nice, yaani mpango wa kimataifa wa kugawa bidhaa na huduma katika makundi, ambayo jumla yake ni 45, yaani 34 ya bidhaa na 11 ya huduma. Jina linaloruhusiwa katika daraja moja linaweza kuwa limeshachukuliwa katika daraja unalolitaka wewe. Si lazima uyafanye haya yote mwenyewe. Inawezekana nafasi yako ni mkakati, majina na maneno, na umtafute mbunifu wa michoro wa kushirikiana naye. Hilo ndilo ningekushauri, kwa kuwa barua yako inazungumzia majina na maneno kwa uchangamfu kuliko inavyozungumzia michoro.

Narudi kwa Watson, aliyeichunguza hofu kisha akaingia nayo kwenye matangazo, kwa sababu hapa ndipo ninapokuomba usisome haraka. Katika chumba cha ushauri, anachokitamani mtu na anachokiogopa hutafutwa kwa ajili yake mwenyewe. Katika kazi ya chapa, vitu hivyohivyo hutafutwa ili mtu mwingine auze. Si uovu, kwani ile ofisi ya hesabu ilipoigusa aibu ya watu iliipunguza. Lakini utaketi siku moja na mteja atakayekuomba uitafute aibu ili uikuze, atakayeuza kitu kwa wazazi wachovu au kwa watu waliotoka kufiwa, na atataka ujuzi wako kwa sababu anajua ulitoka wapi. Ujuzi wako utaweza. Kwa hiyo andika sasa, kabla hujakutana naye na kabla hujahitaji pesa yake, ni kazi gani hutazifanya. Mimi niliandika tatu, na swali ninalolitumia hadi leo ni hili: yule mtu aliyenifungulia moyo wake kwenye mahojiano, akiliona tangazo lililotokana na maneno yake, ataona amesikilizwa au ataona amewindwa?

Katika uwanja huohuo kuna mipaka ambayo haihitaji kufikiriwa mara mbili. Visa vya wateja wako wa tiba havihami nawe, hata ukibadilisha jina, umri na jinsia. Usivitumie kwenye mawasilisho, wala kwenye maelezo ya safari yako, ambayo utaombwa uyasimulie mara nyingi kuliko unavyodhani. Kanuni za maadili za Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani zinakataza kuomba ushuhuda wa kujitangaza kutoka kwa watu walio katika tiba, na taaluma nyingi za ushauri zina makatazo ya namna hiyo. Mimi ningelifikisha mbali zaidi: mtu aliyewahi kuwa mteja wako wa tiba asiwe mteja wako wa chapa, hata akikusihi na hata ikiwa miaka imepita. Atakapotaka kukataa kazi yako, atakataa mbele ya mtu aliyemwona akilia, na ukataaji huo hautakuwa huru.

Sasa swali lako la usaliti. Kikao cha mwisho ni sehemu ya tiba, na kwa baadhi ya watu ndicho kikao kikubwa kuliko vyote, kwa sababu wameachwa mara nyingi maishani na hawajawahi kuagwa. Ndiyo maana kanuni za kitaaluma hutaka mtu aandaliwe kabla huduma haijakoma, na aelekezwe kwa mwingine inapohitajika. Mimi ningetoa taarifa si chini ya miezi mitatu kabla, na zaidi ya hapo kwa wale uliokaa nao miaka. Mwambie mtu mwanzoni mwa kikao, usimwambie dakika tano kabla ya kwisha, ili abaki na muda wa kukasirika ukiwa bado mbele yake. Sema ukweli mfupi: unaacha kazi ya tiba ifikapo mwezi fulani, uamuzi ni wako, na hautokani na lolote alilolifanya. Sababu ya chapa huna haja ya kuianza wewe. Akiuliza, mjibu kwa sentensi moja kisha urudi kwake, kwa sababu ndoto yako mpya haipaswi kuchukua dakika zake. Tarajia kwamba wengine watakosa vikao viwili mfululizo, wengine watakupongeza haraka mno, na mmoja ataleta jambo zito ambalo hajawahi kuligusa, akijaribu kuona kama utakaa. Hutakaa, na utahitaji kumwambia hivyo kwa upole na kumtafutia mtu wa kulipokea jambo hilo. Katika miezi hiyo usimwache msimamizi wako. Nilipoaga mimi, nilimwona kila wiki, nami nilihitaji.

Kumbukumbu za wateja zitakufuata hata ukiondoka. Mwongozo wa chama hichohicho cha Marekani unapendekeza, pale ambapo sheria haisemi vinginevyo, kutunza kumbukumbu kamili za mtu mzima kwa miaka 7 tangu huduma ya mwisho, na za mtoto hadi miaka 3 baada ya kufikia utu uzima ikiwa muda huo ni mrefu zaidi. Soma kanuni za baraza linalokusimamia, jua zitakaa wapi na nani atazijibu mtu akiziomba, na uteue mtaalamu mwenzako wa kuzishughulikia iwapo utaugua au kufariki. Leseni usiirudishe kwa hasira wala kwa furaha. Uliza kama unaweza kuisimamisha kwa muda na masharti ya kuirejesha ni yapi. Na pindi itakapokuwa haifanyi kazi, usiandike popote maneno yanayomfanya mtu adhani bado unatoa tiba.

Kuhusu mbachao na msala, nduguze mtu hawasemi methali hiyo kwa ubaya. Wanauliza utakula nini, nalo ni swali la haki. Ondoka kwa kupunguza: acha kwanza kupokea wateja wapya wa tiba, kisha funga siku moja ya wiki, kisha mbili, na kila siku unayoifunga iwe tayari ina kazi ya chapa iliyolipiwa, na si iliyoahidiwa. Usichanganye kazi hizo mbili katika siku moja. Nilijaribu, na nilimkuta mtu aliyefiwa akizungumza nami wakati nusu ya akili yangu ilikuwa kwenye jina la kampuni. Mikataba ya chapa iandike kwa ukali ambao tiba haikukufundisha: malipo ya awali, idadi ya marekebisho, na haki ya kazi kuhamia kwa mteja baada ya malipo ya mwisho. Kwa marafiki unaowafanyia usiku, anza nao. Mwambie mmoja wao kwamba kazi inayofuata ina bei, umpe karatasi aisaini, uone wewe mwenyewe unajisikiaje kuitaja bei hiyo.

Kuna jambo moja la mwisho la mpangilio. Najua unatamani kuanza kwa kubuni nembo yako mwenyewe, na bila shaka una michoro yake tayari. Iache kwenye droo. Keti kwanza uandike majina ya wale watu ishirini na wawili, na mbele ya kila jina uandike ni mwezi gani utamwambia, nani anaweza kumpokea, na unadhani atahitaji vikao vingapi vya kuagana. Karatasi hiyo ipeleke kwa msimamizi wako wiki hii.